Kampuni ya Bima Inapoomba Faili Lako la Hospitali: Somo kwa Mgonjwa na kwa Mtu wa Bili



Tunapofika Stockholm tunafundishwa haraka haraka mambo ya lazima: namna ya kukata tiketi ya treni, duka lipi lina unga wa ugali, na jinsi ya kutembea juu ya barafu kama bata ili usivunjike. Hakuna anayetufundisha cha kufanya siku inapokuja bahasha ya kampuni ya bima yenye fomu ya kusaini. Mimi nilijifunza kwa kuumia, tena mara mbili. Kwanza goti, halafu faili.

Somo hili lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kwa mgonjwa, yaani wewe na mimi. Ya pili ni kwa wale mnaosomea mambo ya afya na utawala wa hospitali, ambao kesho mtakaa nyuma ya kaunta na kupokea maombi ya kampuni za bima, hapa au nyumbani. Tusome zote mbili, kwa sababu anayejua kazi ya upande wa pili haonewi kirahisi.

KISA CHENYEWE

Mara ya kwanza nilikuja hapa kwa kozi ya miezi 9. Kwa kuwa kozi haikufika mwaka mmoja, sikuandikishwa Skatteverket wala kupata personnummer, na hivyo gharama za matibabu hazikuwa zile za mkazi. Nilikuwa na bima niliyoinunua mwenyewe kwenye intaneti kabla ya kuondoka nyumbani. Bei nafuu, nikashukuru Mungu.

Januari, asubuhi moja nikitoka kituo cha Universitetet, niliteleza. Goti la kushoto likajipinda, nikasikia kitu kimelia ndani. Kule hospitali muuguzi akaniuliza kama goti hilo limewahi kunisumbua. Mimi, kwa ile tabia yetu ya kuongea na watu wa hospitali kama unaongea na mjomba, nikasema ndiyo, niliwahi kugongwa mpirani nikiwa kidato cha tatu, nikakaa nje wiki mbili, kisha nikaendelea kucheza miaka yote bila shida. Maelezo marefu, na Kiingereza cha mtu mwenye maumivu. Yeye akaandika sentensi moja: matatizo ya goti tangu ujana.

Baada ya vipimo ikaja bili iliyozidi krona 14,000. Nikapeleka dai kwenye bima. Wakanijibu kwa upole kabisa: ili tushughulikie dai lako, tafadhali saini fomu hii. Niliisaini ndani ya treni kwa kalamu ya kuazima. Sikusoma kwamba nilikuwa naruhusu vituo vyote vya afya nilivyowahi kwenda vitoe taarifa zote, za kipindi chochote.

Machi likaja jibu: dai limekataliwa, kwa kuwa tatizo lilikuwepo kabla ya bima kuanza. Dada mmoja wa kwetu anayesomea uuguzi Huddinge akaniuliza swali moja tu: "Kaka, ulisoma ulichokisaini?"

Tukaomba nakala ya faili langu lote. Tukakuta mambo mawili. Kwanza, bili yangu ilikuwa imepewa namba ya ugonjwa inayoanza na M23. Pili, kituo cha afya cha mtaani kwangu kilikuwa kimeituma bima kurasa zangu zote, pamoja na maelezo ya siku nilizokwenda kuzungumza na mshauri kwa sababu nilikuwa silali tangu msiba wa baba. Msiba wa baba unahusiana nini na goti? Hakuna. Lakini karatasi zilishakwenda.

SOMO LA KWANZA: KWA NINI BIMA INATAKA FAILI?

Tusiwe watu wa kulaumu tu. Kampuni ya bima inalipa kwa mkataba, na mkataba una masharti. Inataka kujua mambo matatu: je, huduma ilitolewa kweli? Je, ilihitajika? Je, tatizo ni la kipindi cha bima au ni la zamani? Bili peke yake haijibu maswali hayo. Inaonyesha tarehe, huduma, bei na namba ya ugonjwa.

Namba hiyo inatoka kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani iitwayo ICD-10, ambayo Sweden inatumia toleo lake. Herufi na tarakimu chache zinabeba maana kubwa. Angalia mfano wa goti. S83 ni kundi la majeraha mapya ya goti: kuteguka, kuvutika au kuchanika kwa kano na gegedu. M23 ni kundi la kasoro za ndani ya goti, na humo mna kasoro zinazotokana na mchaniko wa zamani. Goti ni lile lile, maumivu yale yale, lakini karani wa bima akiona S83 anasoma "ajali", na akiona M23 anasoma "ya zamani". Sentensi moja ya muuguzi ilinihamisha kutoka S kwenda M.

Funzo: ukiwa hospitali, jibu ukweli, lakini jibu kwa ukamilifu. Usiseme "niliwahi kuumia" ukanyamaza. Sema lini, ulipona lini, na tangu hapo hali imekuwaje. Kama lugha inakushinda, omba mkalimani kabla ya maelezo, si baada yake. Usidanganye kamwe. Uongo ukigunduliwa bima ina haki ya kukunyima, na hapo hakuna atakayekutetea.

SOMO LA PILI: SHERIA INASEMAJE HAPA SWEDEN?

Hapa faili la mgonjwa linaitwa journal, na lina ulinzi mkali. Sheria kubwa ni Patientdatalagen, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2008. Kwa hospitali za umma kuna pia sheria ya uwazi na usiri ya mwaka 2009, ambayo sura yake ya 25 inahusu afya. Msimamo wake ni huu: taarifa za mgonjwa ni siri, mpaka iwe wazi kwamba kuzitoa hakutamdhuru yeye wala watu wake wa karibu. Yaani siri ndiyo kanuni, kutoa ni jambo la kupimwa. Vituo binafsi navyo vina wajibu wa kunyamaza chini ya sheria ya usalama wa wagonjwa ya mwaka 2010. Mfanyakazi anayevunja siri anaweza kutozwa faini au kufungwa hadi mwaka mmoja.

Juu ya hizo kuna kanuni ya ulinzi wa data ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inayoziweka taarifa za afya katika kundi la pekee.

Sasa tofautisha wanaoomba, maana hapa ndipo wengi wanapochanganya:

1. Försäkringskassan ni bima ya jamii ya serikali. Inapochunguza malipo ya ugonjwa, sheria yenyewe inaipa njia ya kudai taarifa zinazohitajika kwa kesi hiyo.

2. Kampuni binafsi ya bima haina nguvu hiyo. Inahitaji idhini yako. Tena sheria ya mikataba ya bima ya mwaka 2005 ilirekebishwa, na tangu 2011 kampuni inaruhusiwa kuomba idhini ya kuchukua taarifa za afya pale tu zinapohitajika kupima ombi la bima au dai lililopo mezani. Kusainishwa leo kwa ajili ya lolote litakalotokea kesho hakukubaliki.

3. Bima za wanafunzi. Tangu msimu wa vuli wa 2011 wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya wanalipa ada, na vyuo vya serikali mara nyingi vinawakatia bima ya Kammarkollegiet. Soma masharti yake mapema, hasa kama kozi yako haifiki mwaka. Na hapa pia, ukiombwa idhini ya faili, soma kabla ya kusaini.

SOMO LA TATU: IDHINI INAWEZA KUKATWA VIPANDE

Hili ndilo ningependa ulibebe hata kama mengine utayasahau. Sheria ya usiri inasema mtu anaweza kuondoa siri inayomlinda, yote au sehemu yake. Maneno "au sehemu yake" ndiyo ngao yako. Fomu ya bima ikija imeandikwa "taarifa zote kutoka vituo vyote", si msahafu. Unaweza kuwajibu kwa maandishi hivi:

"Ninaruhusu hospitali fulani kuipa kampuni fulani taarifa za matibabu ya goti langu la kushoto, kuanzia tarehe ya ajali hadi tarehe ya leo. Ruhusa hii haihusu matibabu mengine wala vituo vingine. Inaisha baada ya miezi 3. Naomba nakala ya kila kitakachotumwa."

Je, bima inaweza kukataa? Inaweza kusema taarifa hazitoshi kuamua dai. Ni haki yake kupata kinachohitajika, na ukizuia kila kitu utajikuta hulipwi. Ikisema hivyo, iulize: mnahitaji kipi hasa, na kwa swali gani? Kama wanataka kujua kuhusu goti kabla ya ajali, wape ya goti. Mara nyingi cheti cha daktari chenye majibu ya maswali yao kinatosha, bila faili zima kuondoka.

Kabla ya kusaini, lisome faili lako mwenyewe. Mwenye personnummer na kitambulisho cha elektroniki anaweza kusoma sehemu kubwa kupitia 1177. Asiye navyo, kama nilivyokuwa mimi, hospitali humpa namba ya muda iitwayo reservnummer. Iandike mahali, maana bila hiyo kulitafuta faili lako ni kazi. Omba nakala za karatasi; ni haki yako katika kituo cha umma na cha binafsi. Unaweza pia kuomba orodha ya walioingia kwenye faili lako, na unaweza kuomba kitengo fulani kifungiwe ili vituo vingine visilione.

SOMO LA NNE: KWA MTU WA BILI

Sasa tuhamie nyuma ya kaunta. Wewe ndiye uko ofisi ya bili, na barua ya bima imetua mezani. Fanya hivi, kwa mpangilio:

Kwanza, anayeomba ni nani, na kwa msingi gani? Sheria, au idhini? Kama ni simu, usitoe kitu. Mwambie aandike. Kuthibitisha tu kwamba mtu fulani alitibiwa hapo tayari ni kutoa siri.

Pili, soma idhini mstari kwa mstari. Jina na namba ya mgonjwa ni sahihi? Kituo chako kimetajwa? Tarehe ni ya lini? Inahusu ugonjwa upi na kipindi kipi? Idhini ya mguu ya miaka 3 iliyopita haifungui faili la kifua la leo.

Tatu, linganisha kilichoombwa na kinachohitajika. Dai ni la ziara ya Januari kwa ajili ya goti. Vinavyohitajika ni maelezo ya ziara hiyo, majibu ya picha, na bili yenye namba ya ugonjwa. Kubofya "chapisha zote" ni rahisi, na ndiko kuliponiumiza mimi. Marekani nako kanuni za faragha zilizoanza kufuatwa mwaka 2003 chini ya sheria ya HIPAA zinataka hospitali inayotuma taarifa kwa ajili ya malipo itume kiasi kidogo kinachotosha tu.

Nne, usiamue peke yako. Kupima kama kutoa taarifa kutamdhuru mgonjwa ni kazi ya mwenye dhamana ya faili, kwa mfano daktari au mkuu wa kitengo. Karani anaandaa, mwenye dhamana anaamua.

Tano, hakiki namba ya ugonjwa kabla bili haijaondoka. Je, inalingana na maelezo ya daktari na majibu ya vipimo? Namba isiyo sahihi inazaa dai lililokataliwa, barua kumi, na mgonjwa anayedaiwa.

Sita, andika kumbukumbu. Patientdatalagen inataka iandikwe ndani ya faili lenyewe nani kapewa nakala na lini. Andika pia kurasa zipi zimetoka.

Saba, tuma kwa njia salama. Barua pepe ya kawaida si njia. Februari 2019 iligundulika hapa Sweden kwamba rekodi za simu milioni 2.7 za wagonjwa waliopiga 1177 zilikuwa kwenye seva isiyo na hata nywila. Watu walikuwa wameeleza magonjwa yao kwa kuamini wanamnong'oneza muuguzi.

NA NYUMBANI JE?

Usidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya na Uganda zilipitisha za kwao mwaka 2019. Kenya ilihama kutoka NHIF kwenda SHA tarehe 1 Oktoba 2024, na Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Maana yake ni kwamba bili nyingi zaidi zitapita kwenye meza za bima, na taarifa za mama zetu zitapita humo humo.

Nani kati yetu hajaona fomu ya bima pale dirishani, mgonjwa anaambiwa "saini hapa mama", na mama anasaini bila kujua kilichojazwa juu? Ile fomu ina ugonjwa, dawa na vipimo. Katika mji mdogo ambako karani wa bima ni jirani, namba ya ugonjwa si tarakimu tu. Ndoa zinaweza kuvunjika kwa tarakimu hizo. Wewe unayesomea haya Karolinska, au uliyetoka Muhimbili au Makerere na utarudi huko, hiyo ndiyo kazi inayokusubiri.

SOMO LA TANO: DAI LIKIKATALIWA

Usikae kimya, na usiitupe bili. Bili isiyolipwa inakwenda kwa wakusanya madeni, na ikiendelea inafika Kronofogden, na hapo jina lako linachafuka. Piga simu ofisi ya bili ya hospitali siku hiyo hiyo, waeleze kwamba bima bado inashughulikia, uombe kuongezewa muda. Neno lake ni anstånd.

Halafu omba kampuni ipitie upya uamuzi wake, kwa maandishi, ukiambatanisha ushahidi. Neno ni omprövning. Ushauri wa bure unapatikana Konsumenternas Försäkringsbyrå. Mgogoro na kampuni binafsi ukishindikana, kuna Allmänna reklamationsnämnden, na kwa mabishano ya kitabibu kuna Personförsäkringsnämnden.

Kama faili lina kosa, haliwezi kufutwa hivi hivi, kwa sababu sheria inalinda kumbukumbu. Lakini kosa linaweza kusahihishwa huku maandishi ya awali yakibaki yanasomeka. Na hata daktari asipokubaliana nawe, sheria inataka iandikwe ndani ya faili kwamba mgonjwa anaona maelezo hayo si sahihi au yanapotosha. Wengi hatulijui hili. Ni mstari mmoja, lakini kila atakayesoma faili baadaye ataukuta.

MWISHO WA KISA

Nilifanya hayo yote kwa msaada wa yule dada. Niliomba maelezo yangu kuhusu kidato cha tatu yaandikwe kwa ukamilifu. Daktari aliangalia picha upya, akaandika cheti kwamba mchaniko ulikuwa mpya, na bili ikatolewa tena ikiwa na namba ya S83. Julai, nikiwa nimesharudi nyumbani, bima ikaandika kwamba italipa. Nikapiga kelele mpaka mama akatoka jikoni.

Lakini zile kurasa za msiba wa baba hazikurudi. Niliandika kuomba zifutwe. Wakanijibu kwamba ni sehemu ya nyaraka za dai na zitatunzwa. Kuna mtu nisiyemjua, kwenye ofisi nisiyoijua, anayeweza kufungua kabati na kusoma jinsi nilivyolia. Hakuna krona itakayolipia hilo. Ndiyo maana siku hizi, nikiwa nimerudi Stockholm kwa shahada ya pili, kila mgeni wetu nikimwonyesha njia ya dukani namwonyesha na somo hili.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Bima binafsi imepiga simu kituoni kwako kuuliza kama Bwana fulani alitibiwa hapo wiki iliyopita. Utajibu nini, na kwa nini?

2. Kuna tofauti gani kati ya ombi la Försäkringskassan na ombi la kampuni binafsi?

3. Andika idhini ya mistari minne kwa dai la jino lililovunjika, isiyofungua sehemu nyingine ya faili.

4. Faili lako linasema una pumu tangu utoto, nawe hujawahi kuugua pumu. Utachukua hatua gani, na kipi hakiwezekani?

Wenye majibu, au wenye visa vyao, tuonane kwenye mkutano wa chama. Njoo na fomu yako kabla hujaisaini. Kahawa ipo, na kalamu tutakuazima tukishaisoma pamoja.